Bamvua ni Mtwapa, Maji Mafu ni Rabai

Wanangu, juzi mlikuja watatu, mkakaa ukumbini mwangu, mkanimalizia kashata, kisha mkaniuliza: "Bibi, wageni wetu wa Mombasa wana siku moja tu. Tuwapeleke Mtwapa kwenye magofu, au Rabai kwenye nyumba za kale?" Kabla sijafungua kinywa motokaa ikapiga honi nje na nyote mkainuka. Leo nyumba imenyamaza, sina wa kuzungumza naye ila paka, na paka wa Takaungu hawasikilizi mtu. Basi nitawajibu, na safari hii hakuna honi.

Mimi nilikula mkate wangu kwa swali hilo hilo. Zamani zetu, mke wa nyumba ya heshima pale Mombasa mjini hakutoka hovyo. Akitaka kwenda ziara, au kupunga hewa tu, mumewe alitaka mwanamke mtu mzima anayejulikana, atakayempeleka na kumrudisha kabla ya magharibi. Mwanamke huyo nilikuwa mimi. Nilitafuta mashua, nikafunga pazia, nikakodi punda na wachukuzi, nikapanga vyakula. Kazi yenyewe haikuwa na jina. Wengine waliniita Mwanaidi wa ziara, wengine waliniita "yule", na nikiitwa hivyo niliitika.

Aliyenifundisha ni Bi Rehema, kizee aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wangu, kama mnaweza kuamini. Aliniambia, "Usimuulize mtu wataka kwenda wapi. Atakutajia pale alipopasikia kwa jirani. Muulize wendea nini." Anayetaka kuweka nadhiri mpeleke Mtwapa, kwenye msikiti mkongwe usio na paa na lile kaburi lililo karibu na bahari. Pale atafukiza udi, atanyunyiza marashi, atalia apendavyo na hakuna wa kumuuliza. Anayetaka hewa na kitu cha kuhadithia mpeleke Rabai, akaone nyumba za wamisheni wa mwanzo na vilima, na baridi ya asubuhi. Mnarani kule Kilifi ni kuzuri pia, lakini kwa miguu ya punda hakukuwa safari ya kurudi siku hiyo, na mume gani angekubali mkewe alale nje?

Jambo la pili alilonifundisha ni maji. Nyinyi na motokaa zenu hamtazami mwezi. Sisi tuliutazama kwanza. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hutoka asubuhi ikaenda mbali, na mchanga wa ufuoni huwa mgumu. Hapo punda hupita pwani kutoka Kisauni hadi Mtwapa bila kuingia vichakani. Lakini siku hizo hori ya Rabai, ule mkono wa bahari uingiao bara, huwa tope tupu asubuhi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi, yakakusukuma taratibu katikati ya mikoko hadi bandarini kwa Rabai, na adhuhuri yakaanza kutoka, yakakurudisha. Ndiyo maana Bi Rehema alikuwa akisema bamvua ni Mtwapa, maji mafu ni Rabai, na asiyejua hilo na akae kwao asuke ukili.

Nami sikusikia, kwa kuwa nilikuwa kijana na kijana ana masikio ya mapambo. Mara ya kwanza kutoka bila yeye niliwachukua wake wenza wawili Rabai siku ya bamvua, eti kwa kuwa siku ilikuwa nzuri. Mashua ikakaa juu ya tope, mikoko huku na huku, mbu wakaalikana juu yetu. Wake wale hawakuwa wakisemezana tangu Ramadhani iliyopita. Sasa wamebanana nyuma ya pazia moja, ubavu kwa ubavu, hakuna pa kwenda. Mkubwa akaanza kunitukana. Mdogo akamsaidia. Mmoja akichoka, mwenziwe alipokea. Maji yaliporudi walikuwa wakilishana halua na kunicheka, na kuanzia siku ile wakawa mashoga. Mume wao alinishukuru kwa ziara yenye baraka. Nahodha Athumani, mwenye mashua, alinikumbusha hadithi ile mpaka siku alipokufa.

Msidhani basi kazi ilikuwa kicheko kila siku. Nitawaambia lililokuwa zito. Niliwapeleka watu wa kila aina: Waarabu, Waswahili wenzetu, Mabohora na Mabanyani, Wahindi wa madukani. Mabohora hukaa wote kwa sinia moja, wakaonja chumvi kabla ya kula, wakubwa kwa wadogo, vidole vinakutana katikati. Mabanyani walikuja na vyakula vyao na hata maji yao. Kila jamaa hukunja miguu na watu wake. Mimi nilitandika mkeka, nikagawa maji ya kunawa, kisha nikaenda kukaa kando na kipande changu cha mkate wa mofa. Nimekula vyakula vya mchana namna hiyo miaka mingi, nikisikiliza vicheko vya jamaa za watu. Mtu huzoea. Lakini kuzoea hakumaanishi huoni upweke, na mimi niliuona.

Sasa nije kwa Bi Salma.

Alikuwa mwana wa nyumba kubwa ya Malindi, watu wa mashamba, akaolewa Mombasa akiwa mdogo. Mamake alikufa zamani, yeye akiwa hajaota meno. Nyumba ya mumewe ilikuwa na vyumba vingi na mawifi wengi, na bado ukiingia ulimkuta peke yake dirishani. Siku aliponiita alikuwa na mimba ya kwanza, na uso umekwisha kwa hofu. Mkwewe, Bi Shekue, alikuwa ameketi hapo hapo, akasema kabla ya mtu kuulizwa, "Mpeleke Mtwapa akaweke nadhiri. Mume ashatoa ruhusa, siku ni moja, ni Jumatano ijayo."

Nikahesabu mwezi kichwani, nikaona Jumatano ni maji mafu. Nikasema kweli yangu: "Bi Mkubwa, siku hiyo ufuo haupitiki. Punda atapita msituni, njia ya mashimo, na huyu ni mzito. Maji ya siku hiyo ni ya Rabai."

Bi Shekue akanuna. "Rabai kuna nini? Kuna makanisa."

"Kuna hewa," nikasema. "Na wachukuzi wa machela, atapanda kilima amelala."

Akakubali kwa shingo upande. Nikamtazama Bi Salma, nikamwona ameinamisha macho ili asicheke. Hapo nikajua. Mtoto wa Malindi hukua akijua maji kama ajuavyo jina lake. Siku aliiteua yeye, akamwomba mumewe hiyo na si nyingine. Nilipokuwa nikivaa viatu mlangoni akaja nyuma yangu, akaninong'oneza, "Mwanaidi, kuna mtu Rabai. Mamangu aliyenilea. Jina lake Faida."

Jina kama hilo halikuhitaji maelezo. Waungwana hawakuwaita watoto wao Faida, wala Tabu, wala Majuto. Huyo alikuwa mtumwa wa nyumba yao Malindi. Serikali ilipotoa amri ya kuwaacha huru, wengi walibaki walipokuwa kwa kuwa hawakujua waende wapi. Faida aliondoka. Salma alikuwa amekwisha kuolewa, akaletewa habari tu, kwamba mama yako hayupo, kaenda kwa wamisheni Rabai. Hakuagwa.

"Nataka aje anizalishe," akaniambia. "Nisipomwona, nitakufa na mtoto huyu, najijua."

Jumatano tukaondoka baada ya sala ya alfajiri. Alikumbatia furushi la nguo alilolifunga mwenyewe, hakuniachia nilibebe. Njia nzima alizungumza. Faida alikuwa akimwogesha kwa maji ya majani, Faida alikuwa akimpigapiga mgongo mpaka alale, Faida alikuwa akipika mikate ya nyumba nzima na kumfichia ukoko wa wali. Nahodha Athumani kule nyuma ya pazia alikohoa kama mtu anayetaka watu wanyamaze, lakini hakuna aliyemjali. Nilimwonea wivu Salma, nawaambieni wazi. Sijawahi kuwa na mtu wa kumzungumzia namna ile.

Rabai tukauliza Faida. Hakuna aliyemjua Faida. Tukazunguka nyumba za mawe, tukauliza penye kisima, wakatikisa vichwa, na Salma kwenye machela akaanza kulia. Nikabadilisha swali. Nikauliza mwanamke aliyetoka Malindi, mpika mkate. "Aa, Mama Rebeka!" wakasema, kwa jina alilobatizwa na wamisheni, wakatuonyesha nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa, na vitumbua vikinukia nje.

Akatoka. Mwanamke mrefu, mvi zimeanza, amejifunga leso mbili mpya za rangi, buluu na nyekundu. Alimtazama Salma kwa muda. Kisha akasema, "Karibuni," kama anavyoambiwa mgeni yeyote. Akatoa viti viwili. Kimoja akampa Salma, cha pili akakaa yeye. Mimi nikakaa kizingitini, mahali pangu.

Salma alikuwa amezoea kumwona mwanamke huyu sakafuni. Nilimwona akitafuta pa kuweka macho. Lakini Rebeka akanyosha mkono, akauweka tumboni mwake, akabonyeza huku na huku, na uso wake ukalainika. "Kichwa kiko chini," akasema. "Mtoto yuko vizuri. Usilale chali, lalia ubavu wa kushoto. Na usinyanyue ndoo kwa sababu ya kuwaridhisha mawifi."

Salma akaangua kilio na kicheko pamoja. "Mama, rudi nami. Nimekuwekea chumba, karibu na changu. Rudi nyumbani."

"Nyumbani wapi, Salma?"

"Kwangu. Kwetu."

Rebeka akainuka. Akaenda kugeuza vitumbua vyake, akarudi na vinne kwenye kisahani. Ndipo Salma akafungua lile furushi kwa furaha, kama mtoto anayeonyesha alichookota. Ndani mlikuwa na kaniki mbili mpya, nyeusi tititi, zimefukizwa udi mpaka kizingitini nikausikia.

Nyinyi wasichana mnaona nguo nyeusi tu. Kaniki ndiyo iliyokuwa nguo ya mtumwa wa kike. Mwungwana alivaa rangi, mtumwa alivaa kaniki, na mtu akikutana nawe njiani alijua kwa nguo peke yake akusalimu vipi au asikusalimu. Siku walipoachwa huru, jambo la kwanza waliloliacha wanawake ni hilo. Wengine walizichoma. Na huyu masikini Salma alikuwa amekaa na fundi, amekaa na chetezo, amechagua iliyo nzito, kwa mapenzi matupu.

"Nguo hii ya nani?" Rebeka akauliza.

"Yako, mama. Si ndiyo uliyokuwa ukiipenda?"

"Ndiyo niliyokuwa nikiivaa."

Akazikunja tena zote mbili, taratibu, pindo kwa pindo, akaziweka mapajani mwa Salma. Hakupandisha sauti. Akamwambia amtafute mkunga fulani wa Kibokoni aliyekuwa na mikono myepesi. Akamwambia ale ndizi za kupika, asile papai. Akamwambia atamwombea. Akasimama, na ziara ikawa imekwisha. Nami nikalazimika kusema, "Maji yanatoka, tutakwama," na ilikuwa kweli. Nilitamani siku ile isiwe kweli.

Katika mashua Salma alikaa na kaniki zake mapajani hadi tulipopita Jomvu. Kisha akaniuliza, "Mwanaidi, nimemkosea nini?" Nikamweleza. Nikamwambia mamangu naye aliivaa kaniki, na siku alipoiacha aliivua akaitumia kuwashia moto wa jikoni, akakataza kaniki isiingie tena chini ya paa lake. Salma akafunika uso kwa ukaya. "Turudi," akasema. "Mwambie nahodha ageuze." Athumani akajibu kwa upole, "Mwanangu, maji hayageuki kwa ajili ya mtu." Na ruhusa ilikuwa ya siku moja.

Alijifungua mtoto wa kiume, yule mkunga wa Kibokoni akamzalisha, wakapona wote wawili. Mwaka mzima ukapita, nami nikaendelea na ziara za watu. Siku moja akaniita tena. Mtoto alikuwa akitambaa juu ya zulia. Bi Shekue, kama kawaida, alishapanga: Mtwapa, kutimiza nadhiri ya mtoto.

"Nadhiri niliweka mimi," Salma akasema. "Najua nilikoiweka." Kisha akanigeukia, "Jumapili mwezi utakuwa nusu, au nimekosea?"

Hakuwa amekosea. Safari hii alibeba leso. Banyani wa duka la nguo aliitwa nyumbani na mzigo wake wote, akafunua ukumbini mpaka sakafu haikuonekana, na Salma akazigeuza moja moja asubuhi nzima. Akachagua jozi mbili, moja ya manjano yenye maua ya mkorosho, nyingine nyekundu. Katika mashua alinifunulia mara tatu. "Hii itamkaa?" Nikamwambia itamkaa. Akamfundisha mtoto kunyosha mikono miwili. Akasema, "Nitamwamkia mimi kwanza. Miaka yote sijamwamkia hata siku moja. Nitamwambia shikamoo mbele ya watu." Akalirudia lile neno polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

Tulipofika mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Hakuna moshi, hakuna vitumbua. Salma aliteremka kwenye machela mwenyewe, akasimama pale na mtoto kiunoni. Jirani, mwanamke wa Kirabai, akaja akijifuta mikono.

"Mwamtafuta Rebeka? Kaenda zake. Tangu mvua za vuli."

"Kaenda wapi?" Salma akauliza.

"Kwao."

Uso wa Salma ukang'aa, wanangu, nami nikaona alichofikiri nikataka kumziba masikio. "Karudi Malindi!"

"Malindi kuna nini?" Jirani akashangaa. "Kwao Nyasa. Kaenda na wenziwe, watu wa huko huko, wapande meli kwanza kisha watembee. Asema alichukuliwa mdogo, lakini mto wa kwao aukumbuka, na jina la mamake pia. Kaenda kutazama kama kuna mtu."

"Hakuniambia kamwe kama ana mama."

"Ulimuuliza?" Jirani hakukusudia kumchoma. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Salma akaketi kizingitini, mahali nilipokaa mimi mara ile. Mtoto akanyosha mikono miwili kwa yule jirani, kama alivyofundishwa, akabebwa. Leso zilibaki kwenye mapaja ya mamake. Jirani alisema anaweza kumwekea, pengine atarudi, na Salma akampa, lakini sote watatu tulijua nchi ya Nyasa ni mbali kiasi gani na mwanamke yule umri wake kiasi gani. Sikumharakisha. Niliyaacha maji yatoke mpaka yakawa ya kutia hofu.

Athumani alitusukuma kwa upondo, tope likigusa mbao. Mtoto alilala. Salma alikuwa akitazama mikoko, na mimi nilikuwa nikitazama kikapu cha vyakula ambacho hakuna aliyekifungua. Ndipo akageuka, akanitazama usoni, na miaka yote niliyowatembeza wake za watu hakuna aliyewahi kunitazama hivyo.

"Na wewe, Mwanaidi," akasema. "Kwenu ni wapi?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo bila kujua kama nalingoja. Nikafungua kinywa nimjibu. Nilijua mamangu alipenda chai ya tangawizi, nilijua alichekaje, nilijua sauti ya miguu yake uani. Alikotoka hakuniambia, nami niliishi naye mpaka nikamzika, na siku zote nilimwomba maji na chumvi, hilo sikumuuliza.

"Mamangu alikufa Takaungu," nikasema.

"Sikukuuliza alikokufa."

Salma akasogea kando kwenye mkeka, akanipisha nikae karibu naye, tukafungua kikapu, tukala mkate baridi kutoka sahani moja.